Nyumba Inayotazamwa kutoka Chini

Kipanya kilikuwa kipya. Kauthar alikitoa mwenyewe kwenye nailoni yake, akakichomeka kwenye kompyuta, na vitufe viwili vya pembeni vikaitika. Cha katikati, kile kilichojificha chini ya gurudumu, kikakaa kimya.

Kwa mtu anayechora nyumba kwenye kompyuta, hicho cha katikati ndicho shingo yake. Ukikibana ukaburuta, nyumba inageuka: unauona mgongo wake, paa lake, mbavu zake. Bila hicho unauona ukuta wa mbele tu, kama mgeni aliyezuiwa mlangoni.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Mutalemwa, mkulima wa kahawa wa Rugu, na ilikuwa ya kwanza kwa Kauthar tangu arudi kutoka chuo Dar es Salaam na shahada ya usanifu majengo. Mjomba wake, Hatibu, alikuwa amempa chumba cha nyuma cha duka lake la vifaa vya ujenzi hapa Omurushaka. Wiki hiyohiyo mafundi wangechimba msingi. Nyumba ikisimama vizuri, wengine wangekuja. Ikiharibika, hakuna ambaye angempa tena hata banda la kuku.

Basi akafanya kama alivyofanya kila jambo, kwa kurudia mara mbili. Aliingia kwenye mipangilio, akakuta kitufe kimepewa kazi nyingine, akakirudishia yake. Kimya. Akaifuta programu inayokiendesha kipanya, akaiweka upya. Kimya. Akahamishia waya kwenye tundu jingine. Kimya vilevile.

Kitu pekee kilichomtii chumbani ni tawi la mlamula lililokuwa dirishani kwenye kopo la rangi. Tawi hilo alilikata siku ya kupima kiwanja, na sasa lilikuwa limetoa majani marefu kama panga. Mlamula hupandwa mipakani, kila mtu anajua. Kauthar alipoukuta mmoja umesimama peke yake katikati ya migomba ya Mutalemwa, aliandika kwamba ni mpaka wa zamani, ung'olewe, na chumba cha watoto kikae hapo. Tawi akajichukulia kwa uzuri wake tu. Lilikua haraka ajabu. Mara mbili alikuta vilele vimekatwa, akadhani Mjomba analipunguza lisizuie mwanga.

Alasiri moja ya mvua, akiwa amekunja mikono kifuani anafikiri, akasikia: kti.

Nyumba ikageuka.

Iligeuka polepole, ikapitisha mlango wa mbele, ikapitisha baraza, kisha jicho la kompyuta likainama, likazama chini ya ardhi na kutulia huko, likitazama juu kwenye sakafu ya chumba cha watoto. Harufu ya udongo mbichi na vigogo vya migomba vilivyooza ikajaa chumbani, na dirisha lilikuwa limefungwa.

Asubuhi alikipeleka kipanya kwa Hanifu, fundi simu wa ng'ambo ya barabara.

"Injinia, kipanya kimekushinda?"

"Kitufe cha katikati. Mara hakisikii, mara kinajibana chenyewe."

"Kinajibana chenyewe. Basi kimesoma kuliko mimi." Hanifu alifungua skrubu huku akicheka, akainua kifuniko, na kicheko kikaishia hapo. Ndani kulikuwa na udongo mwekundu, wenye unyevu, na mzizi mweupe mwembamba kama unywele umejizungusha kwenye gurudumu.

"Ulikiangushia shambani?"

"Hakijatoka mezani."

Akaushika mzizi kwa kibanio, akauvuta. Ukaja. Ukaendelea kuja, mpaka ukazidi urefu ambao kipanya kizima kingeweza kuufungia, na ulikuwa bado unakuja. Hanifu aliweka kibanio chini taratibu, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Nenda nacho, dada," alisema kwa sauti ya chini. Hakumwita injinia tena.

Kauthar akaazima kipanya cha kaunta ya Mjomba, cha siku nyingi, kisicho na kasoro. Kitufe cha katikati kikafanya kazi vizuri mpaka magharibi. Mvua ilikuwa inarudi na taa ya duka inafifia, naye yuko peke yake nyuma, akimalizia madirisha, iliposikika ile kti, na nyumba ikazama tena, na safari hii chini ya sakafu ya chumba cha watoto palikuwa na kitu ambacho hakukichora. Kilikuwa kirefu kama mtu aliyelala kiubavu, magoti yamekunjwa, mkono mmoja chini ya shavu. Alikifuta. Kikarudi, kimekaribia sakafu. Alikifuta tena, na kiliporudi uso ulikuwa umegeukia juu, na hapo ndipo akili yake, iliyozoea kupima kila kitu, ilipokataa kunyamaza ikamwambia kwamba haya si makosa ya kompyuta, kwamba tangu mwanzo huu ulikuwa mtazamo wa mtu, kwamba hivi ndivyo anavyoiona nyumba yeye aliye chini yake, akingoja kujua ni miguu ya nani itakayopita juu ya kifua chake. Alichomoa waya wa kipanya, akakitupa kwenye boksi la misumari, akafunga boksi, akasimama akishika kifuniko kwa mikono miwili, na katika ukimya ule, chini ya saruji ya chumba alichosimama, chini kabisa ya nyayo zake mwenyewe, ikasikika: kti.

Alikimbilia jikoni kwa Bibi Asia, mama wa Mjomba. Bibi alimsikiliza bila kumkatiza, akatia ubani kwenye chetezo, wakarudi pamoja. Moshi ulipofika kizingiti cha chumba cha nyuma ulilala sakafuni, ukakataa kuingia.

"Bibi, ni jini?" Kauthar alinong'ona.

"Kwetu Pangani tungesema ni jini, tukamchinjia kuku, tukalala. Lakini jini hubisha hodi au huvunja mlango. Huyu hajafanya hata moja. Huyu amebebwa." Bibi alivuta hewa puani. "Umeingiza nini humu?"

Kauthar alianza kusema hakuna. Kisha macho yake yakaenda dirishani.

Kulipokucha alipanda bodaboda kwenda Rugu, kopo la mlamula limekaa mapajani, ukungu umefunika mashamba. Mama wa Mutalemwa, Restuta, hakuwepo siku ya kupima. Alikuwa Kamuli, msibani. Sasa alikuwa uani anachambua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akaliona kopo, akasukuma ungo pembeni. "Tawi hilo umelikata wapi?"

Kauthar akamwonyesha kwa kidole, katikati ya migomba, mahali mafundi walipokwisha kufunga kamba.

Restuta alijifuta mikono kwenye kanga. "Kuna mtu alikuja msimu wa buni, anatafuta kibarua. Homa ikamshika. Tulimuuliza kwao, tukamuuliza jina, ulimi ulikuwa umeshafunga. Wakati huo Mutalemwa yuko tumboni. Mume wangu akamzika hapo, akampandia mlamula, akamwambia: 'Mgeni, huna mtu wa kukuita. Palipo na mti huu ndipo kwako.' Niliyasikia kwa masikio yangu." Akalitazama kopo. "Nawe ukaubeba mti ukaenda nao mjini. Unadhani yeye abaki na nani?"

"Sikujua, mama. Nilifikiri ni mpaka."

"Ungejuaje, waitu. Nyie wa mjini mnaona mpaka kila penye jani."

Kauthar alikiri kwa Mutalemwa kwamba alikosea, kwamba nyumba lazima isogezwe. Alitegemea kufukuzwa. Mutalemwa alilalamika sana kuhusu kamba zake.

"Zifungue," mama yake alimwambia. "Au ukalale wewe humo chumbani."

Wakalipanda tawi pembeni ya mti lilikokatwa. Restuta alishindilia udongo kwa kisigino na kusema maneno machache kwa Kinyambo, sauti ya mtu anayemkaribisha mgeni aliyechelewa njiani. Harufu ya vigogo vilivyooza, iliyomfuata Kauthar njia nzima, ikakatika kama mshumaa uliopulizwa.

Jioni, Omurushaka, alikitoa kipanya cha Mjomba kwenye boksi la misumari. Alikibana kitufe cha katikati, akaburuta. Nyumba ikageuka kwa mkono wake, ikasimama aliposimamisha. Alizama chini ya sakafu kwa makusudi, akatazama juu. Palikuwa patupu. Akaihamisha nyumba hadi upande wa barabara, mbali na mlamula, akapima, akapima tena. Kisha akalia kidogo, kwa furaha, akaenda dukani.

"Mjomba, ule mlamula nimeurudisha Rugu. Yameisha."

Hatibu alikuwa anafunga mahesabu ya siku. Aliinua uso akiwa na huzuni kidogo. "Wote? Watu waliupenda ule."

"Watu gani?"

"Wateja. Ulikuwa unarefuka kila siku, nikawa nawakatia vitawi. Mwenye bucha. Dada wa gesti hapo mbele. Yule dereva wa basi la Kyerwa alichukua viwili, kimoja cha mama mkwe. Unashika upesi, hata ukiusahau kwenye maji unachipua." Alilisema kwa fahari ya mfanyabiashara anayejua kutunza wateja. "Kwani kuna tatizo?"

Kauthar alitoka hadi kizingitini. Barabara ilikuwa imelowa, basi la Kyerwa limeshaondoka. Kwenye dirisha la bucha, kopo. Kwenye kaunta ya gesti, kopo jingine, majani yake yamenyooka yameng'aa, marefu kuliko siku chache zinavyoweza kuyarefusha. Dada wa gesti alikuwa ameinamia daftari la wageni. Aliacha kuandika. Alinusa mara moja, mara mbili, akamgeukia mtu aliyekuwa nyuma yake kama anayemuuliza kitu. Kisha akainua mguu mmoja, taratibu, na kutazama sakafu.