Medali ya Aliyebaki

Sanduku la kioo lilikuwa tupu, lakini halikuvunjwa. Inspekta Marwa alikagua kitasa. Hakuna mkwaruzo.

Hadi jana medali ya Sajini Pembury ilikuwa humu, katika makumbusho madogo ya wanajeshi wa zamani, mtaa wa Umbilo. Leo Jean-Bosco, msafishaji kutoka Burundi, alikuwa mahabusu. Mama Estella, msimamizi wa makumbusho na mjukuu wa sajini, aliapa kwamba ufunguo alikuwa nao Jean-Bosco peke yake.

Marwa alianza na mahabusu.

"Ulifunga mwenyewe?"

"Mimi, Inspekta. Lakini mama naye iko na ufunguo."

"Anasema hana."

"Eish. Basi mimi ndiye mwizi." Alicheka kidogo, kisha akainama. "Kibali changu cha ukimbizi kinaisha mwezi huu. Nikiwa na kesi, watoto watakwenda wapi?"

Marwa alirudi Umbilo. Chini ya picha ya sajini palichongwa: Batalioni ya Akiba, 1916. Akampigia simu mtaalamu wa historia ya jeshi la Uingereza, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Mama Estella, babu yako alipigana wapi?"

"Ufaransa."

"Batalioni yake haikutoka Uingereza. Iliwafundisha vijana, ikawapeleka vitani kuziba nafasi za waliokufa. Medali ile walipewa waliovuka bahari, na ukingoni huchongwa jina la mwenyewe. Nani alikuwa anakuja kulisoma jina hilo?"

"Mtaalamu wa medali. Ijumaa."

"Iko wapi, mama?"

Mikono ya Estella ilizama katika mfuko wa nyuzi za sufu za kufumia, ikatoka na medali. Marwa aliigeuza medali kwenye mwanga. A. Tunney.

"Mwanafunzi wake," alisema Estella. "Alikufa mwezi ule ule aliopelekwa vitani. Mama yake alimletea babu medali, akamwambia: wewe ndiye uliyempeleka. Babu hakuwahi kusema ni yake. Tulisema sisi, baada ya kumzika. Niliona aibu kwamba alibaki."

"Na Jean-Bosco?"

Machozi yalimtoka. "Huyo nimempeleka mimi."

Jioni Jean-Bosco aliachiwa. Alipitia kwenye makumbusho, akamkuta Estella akiandika kibao kipya chenye jina la Tunney.

"Nisamehe, mwanangu. Kazi yako ipo."

"Nimekusamehe, mama." Akaweka ufunguo wake mezani, taratibu. "Lakini huu mpe mwingine."