Dakika Mbili za Salat

Habibo Nunow alimpenda mwanamume ambaye siku ya kwanza yeye mwenyewe alitaka kumvunjia kamera, na msimcheke, maana alikuwa na sababu.

Ilikuwa soko la mifugo la Garissa, mwaka wa sitini na sita, saa tatu asubuhi. Mbuzi wanalia, vumbi limetanda, madalali wameshikana mikono chini ya kitambaa wakipatana bei kwa vidole, na askari wamesimama na bunduki wakimtazama kila mwenye kanzu kama shifta, mwasi wa msituni. Habibo alikuwa amejifunga guntino ya manjano, na mtandio mwekundu begani. Akageuka, akakuta jicho la kioo limemkodolea. Nyuma ya jicho hilo palikuwa na kijana wa bara, kaptula ya kaki imenyooshwa, soksi hadi magotini, jasho linamchuruzika. Habibo akamwendea moja kwa moja, akakifunika kile kioo kwa kiganja.

"Nani amekupa ruhusa?"

"Ni kazi ya serikali, dada."

"Uso wangu si wa serikali."

Kijana akashusha kamera, akaomba radhi. Akaomba radhi hadharani, mbele ya madalali na mbele ya askari, na wakati ule mtu mwenye beji ya serikali kumwomba radhi binti wa Kisomali ilikuwa jambo la kusimulia mtaa mzima. Jina lake Murithi, mtu wa Meru. Alikuwa mpiga picha wa gari la sinema, anapiga filamu huku na kule na kuwaonyesha watu zile zilizokamilika. Habibo akajifunika mtandio usoni, akaondoka bila kuaga. Lakini jioni, pale zahanati alipokuwa akifunga watu vidonda, alijikuta anatabasamu peke yake, akajikasirikia.

Wiki haikuisha, Murithi akaja zahanati na kidole kilichokatika kidogo tu. Habibo akamwambia kidonda hicho hata mtoto angekilamba akaendelea kucheza. Murithi akasema basi alambiwe yeye. Akafukuzwa. Siku ya pili akarudi na kidole kingine, na safari hii akapewa chai ya maziwa ya ngamia, akainywa yote huku amekunja uso, ili tu asimuudhi aliyempa. Habibo akaanza kumwita Bwana Picha. Murithi akamwita Kiganja.

Gari lilipokwenda Isiolo au Wajir, Murithi alipiga simu posta kila Alhamisi. Simu ilikuwa moja, juu ya meza ya karani, na foleni nzima inasikiliza.

"Umekula, Kiganja changu?"

"Nimekula. Sema upesi, watu wananitazama."

"Waambie nakupenda."

"Hapa kuna mzee amekuja kuchukua barua ya mwanawe, nimwambie hivyo?"

"Mwambie, afurahi naye."

Foleni ikacheka, na yule mzee akacheka kuliko wote.

Habibo alikuwa na kaka mmoja tu, Salat, mchimba visima. Wazazi wao walikwisha kufa. Salat hakuwahi kushika bunduki. Alishika sururu, akazama ardhini kutwa, akatoka na matope hadi kwenye kope. Siku moja Murithi alimpiga picha akichimba, na safari hii aliomba ruhusa, kwa dada na kwa kaka. Salat akacheka, akakubali. Kisa chenyewe kilianzia hapo.

Wakubwa waliona itapendeza Garissa ifanyiwe tamasha la filamu. Ndiyo, jamani, tamasha! Watu wanafungiwa ndani ya senyenge, ngamia wao wanapigwa risasi, saa kumi na mbili ukionekana nje unalala korokoroni, na mtu fulani ofisini ameona kinachokosekana ni tamasha. Kwa kuwa usiku hautembeki, filamu zingeonyeshwa mchana, ndani ya godauni la ngozi, madirisha yamezibwa magunia. Zingeshindana filamu tatu. Waamuzi wangeziona kwanza peke yao Jumatano, Alhamisi wapige kura, na ile iliyoshinda ionyeshwe kwa umma Jumamosi kisha izungushwe hadi Mandera.

Waamuzi nao walikuwa watatu. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Gitau, mkuu wa shule, mtu mpole aliyengoja miaka minne barua ya kupandishwa cheo awe mkaguzi. Wa pili alikuwa mzee Keynan, tajiri wa mifugo aliyeuzia kambi ya jeshi mbuzi wa kuchinja. Wa tatu Habibo, kwa sababu alisoma, alijua Kisomali na Kiswahili, na walitaka mwanamke. Aliahidiwa kwamba akiifanya kazi hii vizuri ataandikiwa barua ya kwenda kusomea uuguzi Mombasa. Kila mwamuzi alibandikwa utepe wa buluu kifuani, na kila utepe ulikuwa na bei yake.

Filamu ya kwanza ilikuwa ya kahawa, ya pili ya kuchemsha maji. Ya tatu iliitwa Amani Imerejea, na picha zake zilipigwa na Murithi. Habibo alikaa mbele, moyo unamdunda kwa fahari. Pakatokea soko, pakatokea mbuzi, kisha kisima, na Salat ndani yake akirusha udongo, akicheka na meno yote. Hapo sauti nzito ya mtu asiyemjua ikatamka: "Salat Nunow, aliyekuwa shifta. Ametuonyesha maficho ya wenzake, na leo analijenga taifa."

Habibo alielewa mara moja. Filamu hiyo ikionyeshwa Jumamosi, Salat hamalizi wiki. Wa msituni wangemfuata kwa kuwa aliwauza. Askari wangemfuata wakitaka maficho mengine. Na mtu mwenyewe hakujua lolote ila kina cha maji.

Akatoka mbio hadi nyuma, kwenye mashine. Murithi alikuwa amesimama, uso umemshuka. Alikuwa akipeleka mikanda yake Nairobi mibichi, bila sauti, na maneno yalitiwa huko huko. Filamu iliyokamilika ilirudi kwenye kopo lililofungwa kwa lakiri, na hata yeye alikuwa anaiona siku hiyo kwa mara ya kwanza. Lakini Habibo hakuuliza hayo. Aliuliza moja.

"Jina lake nani aliwapa?"

"Habibo, nisikilize..."

"Nani?"

"Mimi. Niliandika kwenye karatasi ya maelezo, lakini..."

"Basi inatosha. Nilikufungulia mlango wa nyumba yetu, ukaingia ukamwuza kaka yangu. Usinifuate. Ukinifuata nitapiga kelele, na najua mimi na wewe nani atakayefungwa, lakini nitapiga."

Akaenda zake. Usiku ule alimwambia Salat kila kitu, na Salat akaendelea kunoa sururu yake. Habibo akamkasirikia naye pia. Alimkasirikia kila mtu, na zaidi alijikasirikia mwenyewe, kwa sababu katikati ya hasira yote bado alikuwa anaikumbuka ile chai.

Alhamisi waamuzi wakakutana darasani. Mwalimu Gitau akasema kwa sauti yake ya upole kwamba Amani Imerejea ni filamu nzuri na wakubwa wanaipenda. Habibo akasema ni ya uongo, na itaua mtu. Mwalimu akasema wao hawakuitwa kuamua ukweli, wameitwa kuamua picha. Habibo akamwuliza kama huo ndio ukaguzi anaoutaka. Kisha akaona faili chini ya kiwiko chake, na ndani ya faili kopi ya karatasi ya maelezo ya kila filamu. Akaivuta bila kuomba. Mwandiko wa Murithi aliujua. Ulisema hivi: "Salat Nunow, mchimba visima, hajapata kuwa na ugomvi na mtu. Watu wanakunywa maji kwa mikono yake. Msikate kicheko chake."

Akaisoma mara mbili. Murithi aliandika kwa mapenzi, na mtu mwingine mezani kwake Nairobi alihitaji shifta aliyetubu, akachukua jina lililokuwa tayari. Hasira yake haikuisha. Ilimwacha Murithi kidogo, ikahamia kwa Mwalimu Gitau, aliyekuwa na karatasi hii tangu jana.

"Uliisoma, Mwalimu?"

Mwalimu akafuta miwani.

"Adeer Keynan," Habibo akamgeukia mzee, "kisima chako alichimba nani?"

Keynan akatazama viatu vyake. "Salat alichimba," akasema. "Maji yake matamu. Lakini abaayo, dada yangu, kambi ikikataa mbuzi wangu, watu arobaini watakula nini? Mimi nasema hii bicha ishinde. Mungu anisamehe."

Kura mbili kwa moja. Habibo akaung'oa utepe kifuani, guntino ikachanika kidogo, akauweka juu ya faili, akakataa kutia sahihi. Mwalimu akasema sahihi mbili zinatosha. Hata barua ya Mombasa hakuitaja, kwa sababu wote watatu walijua imekwisha kwenda na utepe.

Ijumaa akamwomba Salat akimbilie ng'ambo ya Tana. Salat akakataa. Akikimbia, akasema, ndipo atakuwa shifta kweli. Basi Habibo akaamua jambo moja tu.

Jumamosi godauni lilifurika. Wanajeshi mbele, wakubwa kwenye viti, watu wa Garissa wamebanana nyuma hadi mlangoni. Habibo alivaa mtandio wake mkubwa kuliko yote, akasimama ubavuni, karibu na shuka jeupe. Nia yake ilikuwa Salat akitokea, aruke mbele, autandaze ule mtandio kwa mikono yote miwili, apige kelele mpaka sauti ile nzito isisikike. Wangemkamata. Wamkamate.

Soko likapita. Mbuzi wakapita. Habibo akaupanua mtandio. Shuka likaruka kidogo, likawa jeupe kufumba na kufumbua, kisha wakatokea watoto wa shule wakiimba. Hapakuwa na kisima, wala jina. Watu wakapiga makofi, na mkubwa mmoja akageuka kumtazama Mwalimu Gitau, Mwalimu akatazama darini.

Baadaye nyuma ya godauni, Murithi alimkuta ameegemea ukuta, mtandio bado umemjaa mikononi. Akatoa mkanda uliokunjwa mfukoni, akampa.

"Dakika mbili," akasema. "Nimekata kwa wembe, picha na sauti. Kopi iliyoletwa huku ni hii moja, na ya Nairobi wataogopa kuitoa, hata wakinifukuza mimi. Nimewaandikia maneno yale ni uongo, nikataja na aliyeyatunga."

"Watakufukuza?"

"Wameshaniita. Naondoka na msafara wa Jumatatu."

Habibo akauinua mkanda kwenye mwanga. Salat alikuwa humo, mdogo kama ukucha, tena na tena, akicheka. Machozi yakamtoka, na bado alikuwa na hasira, akaisema. Alimwambia kwamba jina la mtu si lake kuliandika wakati wa vita, hata kwa wema, na kwamba angeuawa mtu kwa uzuri wa mwandiko wake. Murithi akasema anajua, na kwamba akipata pa kusimama atakuja kumposa kwa baba zake wadogo, kwa dini yao na kwa taratibu zao.

"Uje," Habibo akasema. "Lakini kamera iache huko huko."

Mwalimu Gitau alipata ukaguzi mwaka uliofuata, akapewa na pikipiki. Keynan aliendelea kuuza mbuzi, ila kile kisima alikipa mtaa mzima, na yeye mwenyewe hakuonekana tena akinywa pale. Habibo aliondolewa zahanati bila barua wala maelezo, akawa anafunga watu vidonda nyumbani. Simu za Alhamisi zilikatika. Miezi kumi na minne, si simu, si salamu, na kila aliyemwambia amsahau alijibiwa vibaya.

Vita vilipotangazwa kwisha, lori la msafara likasimama sokoni asubuhi, mbuzi wanalia vile vile. Akashuka mwanamume amekonda, amevaa kikoi na kofia ya kushona, mikono mitupu. Kazi aliyopata ilikuwa ya kutengeneza redio, na jina alilosilimu nalo lilikuwa Musa. Alisimama hatua kumi kutoka kwa Habibo, macho ameyainamisha chini, na madalali wakaachiana vidole ili watazame.

Habibo alikuwa amejiandalia matusi ya miezi kumi na minne. Akayatafuta, akapata moja tu, nalo halikutoka. Akautoa mtandio usoni.

"Inua macho, Bwana Picha," akasema. "Leo nimekupa ruhusa."