Nitakuja na Macho Yangu

"Jumamosi vaa ile miwani nyeusi, mpenzi. Siku moja tu, mama akuzoee kwanza."

Nilisimama katikati ya korido ya kliniki, simu sikioni. Aliyesema hayo ni mchumba wangu, fundi umeme, mwanamume anayeshika nyaya bila wasiwasi lakini akisikia sauti ya mama yake anatafuta pa kujificha.

"Anizoee mimi au miwani?" nikamuuliza.

"Usikasirike. Mama ana maneno yake kuhusu makengeza. Anasema kwenye ukoo wao hayapo."

"Basi Jumamosi nitakuja na macho yangu. Ukiona vigumu, pete yako ipo, njoo uichukue."

Nikakata simu kwa hasira. Nampenda yule mtu, lakini siolewi kwa kujificha.

Ndiyo, nina makengeza. Jicho langu la kushoto limeelekea puani tangu utotoni. Na mimi ndiye ninayepima macho ya watoto hapa. Madaktari wakishuku jicho la mtoto wananiita mimi, na najivunia hilo bila kuomba radhi.

Wa kwanza kuingia alikuwa binti mdogo, Kidoti, ameshikwa mkono na bibi yake. Bibi nikamtambua palepale kwa picha nilizoonyeshwa. Mama wa mchumba wangu. Yeye hakunijua. Mwanawe alimwonyesha picha yangu moja tu, nayo nimevalishwa miwani ya jua mpaka nusu ya uso. Nikavuta kiti.

"Mjukuu wangu ni mkaidi," bibi akaanza. "Ukimsemesha, jicho moja linakutazama, jingine limeenda zake. Tunamgombeza mpaka tumechoka."

"Tuone. Kidoti, mtazame huyu sungura."

Nikainua kijiti chenye picha ya sungura. Nikamfunika jicho la kushoto, la kulia likatulia tuli. Nikamfunika la kulia. Akausukuma mkono wangu na kuanza kulia.

"Umeuona huo ukaidi?"

"Si ukaidi, mama. Nimemnyima jicho analotegemea. Sasa tazama hili la kushoto."

Nikambembeleza, nikafunika tena. Jicho la kushoto, lililokuwa limeingia ndani kidogo, likatoka taratibu kumtafuta sungura.

"Limesogea," bibi akanong'ona.

"Lingekuwa limenyooka lisingesogea. Ni makengeza, na jicho limeanza uvivu. Bahati nzuri mmemleta mapema. Daktari atampa miwani, na huenda tukawa tunaliziba lile zima kwa muda kila siku ili hili nalo lifanye kazi."

"Kwetu hakuna makengeza."

"Sasa yapo, na mtoto anagombezwa kwa ajili yake."

Akamvuta Kidoti kifuani, machozi yakimlengalenga.

"Nani atamwoa huyu?"

"Mama, nitazame mimi," nikasema. "Mimi sikuletwa mapema, jicho hili linaona kwa shida. Nimesoma nalo, nafanya kazi ninayoipenda, na nimevishwa pete."

"Na nani?"

"Na mwanao, fundi umeme."

Bibi akanisogelea, akanichunguza uso.

"Wewe ndiye yule wa miwani? Aliniambia unapenda sana kuvaa miwani ya jua."

"Sina hata moja. Ile ilikuwa yake."

Akatoa simu kwenye mkoba, akampigia mwanawe.

"Njoo kliniki ya macho. Sasa hivi. Usiniulize kuna nini."

Alifika anahema, bisibisi imechomoza mfukoni. Akatukuta mlangoni, korido nzima wagonjwa wamekaa kwenye mabenchi. Akanitazama, akamtazama mama yake.

"Umemficha huyu kwa sababu yangu?" mama akamuuliza.

"Nilikuogopa, mama."

"Kunificha ulinificha wewe," nikamwambia. "Usimsingizie mama peke yake."

Akainamisha kichwa. Kisha akakiinua.

"Ni kweli. Mama, huyu ndiye ninayemtaka, na macho yake ninayapenda yalivyo. Aibu ilikuwa yangu, na naomba anisamehe."

"Rudia," nikasema. "Wale wa nyuma hawajasikia."

Benchi zima likaangua kicheko. Akarudia, safari hii kwa sauti iliyofika mpaka dirisha la dawa. Nilimsamehe kabla hajamaliza, ila sikumwambia haraka hivyo.

Mama mkwe akamweka Kidoti mikononi mwangu.

"Jumamosi njooni wote," akasema. "Nitawaita na shangazi zake. Nataka niwaambie mwenyewe kwamba mkwe wangu ndiye aliyeliona jicho la mtoto wetu, wakati sisi tunapiga kelele."

"Nitakuja, mama," nikamjibu. "Na nitakaa mbele."