Jicho la Houston

"Jicho imetoka Richardson saa tatu," simu ilisema. "Kwa van kuna mafundi wawili, na mmoja ni feki. Yule wa ukweli tumempata stoo, amefungwa, hajitambui, uso umevimba hatambuliki. Picha zote za mafundi zimefutwa kwa kompyuta."

"Feki ni yupi?"

"Ningejua ningekupigia?"

Nderitu akakata simu. Bosi huyo wa Pelagia Kessy katika idara ya usalama hakuwahi kuaga mtu.

Pelagia aliitupa Nokia kitini, akakanyaga mafuta. Gari lake, Crown Victoria, likashika barabara ya 45 ya Texas kuelekea kusini, Houston.

Jicho lenyewe lilikuwa kihisi cha mwanga cha ukubwa wa kiganja, kilichoundwa kwa miaka sita. Kingefungwa kwenye darubini inayozunguka juu kabisa ya dunia, mahali ambapo hewa haiuchezei mwanga wa nyota. Saa kumi jioni kilitakiwa Houston, mikononi mwa wanaanga. Kikichelewa, chombo cha anga kingeruka bila Jicho na darubini ingebaki kipofu. Mwaka huo wa 2001, kulikuwa na watu ng'ambo waliotaka ibaki hivyo.

Aliikuta van njiani, mji wa Corsicana, kwenye pampu ya mafuta.

Akashuka na bastola yake ya Glock. "Tokeni. Mikono juu."

Wakatoka wanaume wawili wenye ovaroli nyeupe. Kadi za kazi vifuani zilisema Gracien na Vital. Wakongo wote.

"Mmoja wenu ni mwongo," Pelagia alisema.

"Ni ule, mama," Gracien alidakia. "Mi natumika mu chumba safi tangu miaka tatu. Yeye nimemuona leo ya kwanza."

"Uniulize namba ya kasha," Vital alisema taratibu. "Uniulize kitu yote."

Pelagia akauliza, karatasi ya mzigo mkononi. Vital akazitaja namba bila kukosea hata moja. Gracien alikwama kwenye ya pili, jasho likimtoka.

Vital akatabasamu.

Pelagia akaitazama mikono yao.

Ya Gracien ilikuwa imepauka hadi kwenye vifundo, kama ya mfyatua matofali. Ya Vital iling'aa.

Chumba safi, mnamoundwa vifaa vya anga, hakijui losheni, poda wala manukato. Tone la mafuta likifika angani hugeuka mvuke, likatanda kwenye kioo cha darubini. Mafundi wake hawajipaki kitu. Vital alikuwa amekariri yote, kisha asubuhi akaoga na kujipaka vizuri kama alivyolelewa. Mtoto wa watu hatoki nyumbani amepauka.

"Umependeza, Vital."

Akaelewa. Aliruka kwenye mlango wa nyuma wa van, akalifungua kasha, kidole gumba kikielea juu ya mfuko wa plastiki.

"Weka bunduki chini, ao napasua na nagusa. Kidole moja tu."

Pelagia akakitazama kidole kile. Miaka sita, na kidole kimoja.

Akainama, akaiweka Glock chini polepole.

Kisha akaupiga mlango teke, ukaubana mkono wa Vital.

Mfupa ukalia. Vital akaanguka, akiushika mkono.

Mfuko ulikuwa mzima. Pelagia akalifunga kasha, akamtia Vital pingu, akampekua. Mfukoni mwa ovaroli alikuta kichupa cha Vaseline.

"Nilisahau namba juu ya woga, mama," Gracien alisema.

"Najua. Endesha, nakufuata nyuma." Akakitia kichupa kwenye koti lake. "Ukishakabidhi, uje uchukue hiki. Umepauka, unatia aibu."

Akamsukuma Vital mbele yake, akatembea kuelekea garini bila haraka.