Sufuri kwenye Mlango wa Mama Emérance

Prospère aliandika sufuri kwenye milango ishirini na moja bila kubisha hodi hata mmoja. Alifanya hivyo kwa sababu alimpenda Keren. Kosa lake lilimuua mtu.

Walikutana mwezi wa saba kwenye kibanda cha fotokopi karibu na soko la Kalemie, katika kelele za pikipiki na wauza ndakala, wale dagaa wa ziwani. Keren alivaa kitenge cha manjano. Prospère, mtoto wa mji wa Moba, alivaa blouse, koti jeupe la daktari, iliyopigwa pasi, jua kali hivyo, akapita mbele ya watu wote.

"We Docteur, foleni inaanzia nyuma," Keren akamwambia.

"Kumbe unaniona docteur?"

"Naona blouse. Muntu bado sijamuona."

Watu wakacheka. Prospère akarudi nyuma, naye akicheka. Jioni akampigia simu.

"Namba yangu umeitoa wapi?"

"Kwa liste ya Docteur Martine. Kutafuta namba yako njo utafiti wangu wa kwanza."

Wote wawili walikuwa wamemaliza mwaka wa kwanza wa udaktari. Docteur Martine, mwalimu wao, alikuwa amechagua wanafunzi kumi awafundishe utafiti kwa wiki sita za likizo kubwa: kuuliza watu, kuandika walichosema, kuhesabu. Walikuwa wanachunguza kipindupindu. Wanafunzi walitembea wawili wawili, na Keren akapangwa na Prospère.

Kila nyumba waliuliza maji yanatoka wapi na kama kuna anayeharisha. Kisha waliandika kwa chaki mlangoni. Moja, kuna mgonjwa. Sufuri, hakuna. Nyuma yao walipita relais, wale wajitolea wa afya, na dawa na machela. Relais walisimama kwenye moja, au kwenye mlango usioandikwa kitu; kwenye sufuri walipita.

Wiki tatu walikuwa na furaha. Walikula mihogo ya kuchoma kando ya mto Lukuga, wakigombania kipande cha mwisho.

"Cheri, mwandiko wako kama kuku amekanyaga wino."

"Mwandiko wa daktari huo. Zoea, utaolewa nao."

Wiki ya nne malaria ikamlaza Keren. Asubuhi na mapema Prospère akafika na uji. Akakaa siku nzima, akimshikia beseni la kutapikia, akimkanda kichwa kwa kitambaa cha maji.

"Na kazi?"

"Nimeamka saa kumi na moja. Nimemaliza."

"Nyumba zote?"

"Kunywa uji, mupenzi."

Alikuwa amepita alfajiri, watu wamelala, akachora sufuri tu. Karatasi alizijaza kwa kukisia. Siku moja kabla, barabara ya jirani yote ilikuwa sufuri. Akajiambia atarudi kesho aulize vizuri. Kesho Docteur akamtuma mtaa mwingine, naye akanyamaza.

Siku ya tatu Keren alisimama, wakarudi kazini pamoja. Wakasikia vilio. Mbele ya nyumba ya Mama Emérance, binti yake Princesse alikaa chini, kichwa wazi.

"Mama alianza kuharisha usiku wa kuamkia juzi," akasema. "Asubuhi tukamuambia, tungoje relais, bako na machela. Baliona sufuri, bakapita. Nikabakimbilia. Banasema hapa mumekwisha kuulizwa. Jana usiku Mama akakufa."

Keren akatazama mlango, kisha akamtazama Prospère.

"Juzi asubuhi ulikuwa kwangu."

Prospère akaanza kupanga karatasi zake.

"Prospère, uliingia humu?"

"Ulikuwa unatetemeka, Keren. Ningekuacha na nani?"

"Ungeacha mlango bila kitu! Bangesimama!"

"Usimuambie Docteur. Nakuomba. Batanifukuza."

Keren alikwenda biro, ofisini kwa Docteur Martine, siku hiyo hiyo, akasema yote. Prospère akapiga simu mara tisa. Ya kumi akaipokea.

"Umeniuza."

"Nenda wewe ukamuambie Princesse, halafu unipigie."

Prospère alikwenda. Alipiga magoti mbele ya ukoo mzima, wakamfukuza kwa maneno nisiyoyaandika. Kisha akampigia.

Walionana mara ya mwisho bandarini, Prospère akisubiri boti ya Moba na sanduku moja. Keren alimletea mkate.

"Nitakuja na baba yangu kwenu, atoe posa," Prospère akasema. "Hata baada ya miaka mitano."

"Usije." Akamfunga kifungo cha shati kilichokuwa wazi. "Nakupenda bado, sikudanganyi. Lakini ulichora ile sufuri ukiwa njiani unakuja kwangu. Siwezi kulala nayo kitanda kimoja na wewe."

Keren akalia hapo hapo, mbele ya wapakizi. Prospère akapanda boti.

Mama Emérance alikuwa na miaka thelathini na nane. Watoto wake ni wanne: wawili wako Niemba kwa shangazi, mmoja Ankoro, na Princesse ameacha shule, anauza mkaa. Prospère alifutwa chuoni. Docteur Martine alitupa karatasi zote mia tatu na sita, kazi ya wanafunzi kumi, maana hakujua tena ipi ni ya kweli. Keren ana miaka ishirini na mbili. Amekataa posa mbili.