SOMO YANGU ALINIKANA KIZIMBANI

"Huyu mwanamke simjui. Sijawahi kumwona!"

Wallahi nilitaka kuruka benchi nimkamate ushungi palepale mahakamani!

Aliyesema hivyo ni Rukaya. Somo yangu! Aliyenifunda kule Handeni nilipovunja ungo. Leo ananikana mchana kweupe, tena ameapa kwa Msahafu...

Ngojeni niwape mkasa, mtaelewa hasira zangu.

Mimi Fatu, naishi Manundu, Korogwe. Niliwahi kukopa mtandaoni, nikashindwa kurejesha. Tangu hapo kila benki naambiwa jina langu chafu, sikopesheki.

Ndipo Rukaya akaja kwangu.

"Mwanangu, pale Segera kuna kampuni inasafisha majina. Madeni yote yanafutwa, unaanza upya."

"Wanataka nini, somo?"

"Kitambulisho, hati ya nyumba, na dole gumba. Maswali mengi ya nini?"

Nikampa vyote, na dole gumba nikaweka! Kwetu mwali hambishii somo yake. Akisema kaa, unakaa. Na yule tapeli Mustapha, mwenye kampuni, alilijua hilo vizuri. Ndiyo maana alimtafuta Rukaya, akamuahidi kamisheni kwa kila mwali atakayemletea.

Jina kusafishwa? Thubutu! Walichukua mkopo mpya kwa jina langu, kwa wakopeshaji wasiojali jina chafu mradi kuna dhamana, na dhamana ni nyumba yangu. Nimekuja kushtuka dalali kabandika tangazo la mnada mlangoni, wanangu wamekaa nje wanalia.

Na sikuwa peke yangu. Tukalalamika, Serikali ikawaburuza mahakamani Mustapha na Rukaya.

Mimi nilishatoa ushahidi wangu. Sasa zamu yao kujitetea, eti tulienda wenyewe, tukakopa wenyewe, hela tukala. Rukaya akiaminiwa, nyumba imekwenda!

Wakili wa Serikali akamuuliza:

"Mama, na wale wanawake waliokaa nyuma?"

"Siwajui hata mmoja."

"Una hakika?"

"Nimesema siwajui!"

Damu ikanichemka. Nikatoka kwenye benchi, nikapiga magoti sakafuni. Nyuma yangu wenzangu nao wakashuka mmoja mmoja... wote aliwafunda yeye, wote aliwaingiza mjini!

"Shikamoo, somo!"

Rukaya hata hakufikiri.

"Marahaba, wanangu."

Weee! Mahakama ililipuka! Hakimu aligonga meza, askari wakatukimbilia kutunyanyua. Mustapha akamkata yule mama jicho, nusura ammeze.

"Wanao?" wakili akauliza taratibu. "Hawa usiowajua?"

Rukaya akavuta ushungi wake wa Ijumaa, akajifunika uso.

Wamefungwa wote wawili, mnada umefutwa. Nyumba ninayo! Wakaozee huko, sina huruma nao hata chembe!

Ila msinipigie vigelegele kwanza. Juzi nimeenda benki, kifua mbele.

"Mama, jina lako bado chafu," dada wa kaunta akaniambia.

"Chafu vipi? Hujasikia nimeshinda kesi?"

"Ule mkopo wa matapeli umeondolewa. Huu wa mtandaoni ulikopa mwenyewe. Umelipa?"

Nilinywea jamani! Nimezunguka kote huko, na lile deni lilikuwa linanisubiri palepale.

Ndugu zangu, jina analisafisha aliyelichafua, kwa kulipa anachodaiwa. Akija mtu na njia ya mkato, hata kama ndiye aliyekufunda, mpe heshima yake, mpe na chai anywe. Kitambulisho kibaki kabatini!