Aliyeandikwa Kumtunza Bibi

Kila asubuhi kabla ya shule nilimkanda bibi magoti kwa dawa, huku mama akichemsha mchuzi wa tambi za mchele alizouza mbele ya nyumba yetu, mjini Phrae, mbali kaskazini mwa Bangkok. Bibi Bunruean alikuwa na miaka sabini na minne. Macho yake yalikuwa yamefifia kiasi cha yeye kutia sukari kwenye mchuzi akidhani ni chumvi.

Mwezi wa tatu mama alikusanya karatasi zake za kodi: risiti za bima, cheti changu cha kuzaliwa na kitambulisho cha bibi. Sheria inampunguzia kodi mtu anayemtunza mzazi mzee asiye na kipato, lakini mzazi mmoja huandikwa na mtoto mmoja tu. Mama alikuwa ameshapiga hesabu. Kwa punguzo hilo, pesa aliyoweka akiba ingebaki kununua miwani ya bibi.

Mama alirudi kutoka ofisi ya kodi, akabwaga karatasi mezani kwa hasira.

"Eti mtoto mwingine ameshakuandika! Mtoto gani? Mimi nina kaka mmoja tu, Wichian! Tena kuna sahihi yako, mama!"

"Mimi?" bibi alishangaa. "Nilisaini ile karatasi ya sadaka ya hekalu tu, aliyoniletea Baitoei."

Baitoei ni mimi.

Mjomba Wichian anafanya kazi Bangkok na huja kwetu mara moja kwa mwaka, na kapu la matunda lililofungwa utepe. Mwezi wa kwanza alinitumia ile karatasi kwa posta, pamoja na viatu vipya vya badminton. "Mwambie bibi ni ya hekalu," alinong'ona kwenye simu. "Siri yetu, sawa mrembo?"

"Uliisoma?" mama aliniuliza.

"Niliisoma, mama."

"Ilisemaje? Sema!" bibi alidakia.

"Ilisema mjomba ndiye anayekutunza."

Hakuna aliyenipiga. Ingekuwa afadhali wangenipiga. Mama alimpigia mjomba simu palepale.

"Aa, Lamduan, jambo dogo hilo," mjomba alicheka. "Kodi yangu ni kubwa kuliko yako, punguzo linanifaa zaidi mimi. Nitawaletea matunda."

Mama alikata simu, akalipa kodi yote kwa pesa ya miwani. Siku ile nilimchukia mjomba, na nilijichukia zaidi mimi mwenyewe.

Mwezi wa nne, sikukuu ya mwaka mpya wa jadi, mjomba alikuja. Alimmwagia bibi maji mikononi kama ilivyo desturi, akaombewa baraka, akala akashiba. Siku ya kuondoka alimkuta bibi ameketi kiti cha mbele cha gari lake. Nyuma kulikuwa na mto wake, beseni, chupa za dawa na kinu cha kutwangia pilipili.

"Mama, unaenda wapi?"

"Kwako. Si wewe unayenitunza? Hata serikali inajua."

"Mama, mimi nina chumba kimoja, tena ghorofa ya kumi na nane!"

"Mimi nitalala kitandani, wewe chini. Alfajiri utanipashia maji. Magoti utanikanda asubuhi na jioni. Usiku naamka mara tatu, utanishika mkono mpaka chooni. Haya, washa gari!"

Majirani walikuwa wameshajaa mlangoni, wanacheka bila haya.

"Lamduan, mwambie ashuke!"

Mama alikunja mikono. "Nani, mimi? Mtunzaji ni wewe, kaka. Si umeandika mwenyewe?"

Mjomba alitania, akafoka, mwishowe akaomba. Bibi hakusogea hata inchi mpaka mjomba alipotoa simu, akarekebisha fomu yake ya kodi na kukubali kulipa alichokwepa, mama akisimamia begani pake. Mimi nilivitupa vile viatu ndani ya buti la gari.

Mjomba alipoondoka, mama alileta karatasi mpya ya kusainiwa na bibi, ili adai pesa yake irudishwe. Bibi aliniita.

"Wichian alinidanganya akiwa mbali," alisema, na sauti yake ilikuwa kali. "Wewe ulinidanganya umenishika mkono. Sikiliza. Kupunguza kodi si kosa. Mama yako hupunguza kila mwaka, kwa karatasi za kweli, na hakuna wa kumnyooshea kidole. Kosa ni kuandika uongo, na kumsainisha mtu asiyeona. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, bibi. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Haya, nisomee."

Nilisoma kila neno, machozi yakinitoka, mpaka mstari wa mwisho. Kisha nikamwekea kalamu mkononi.

Bibi hakusaini. Aliinyoosha karatasi upande wa mama.

"Lamduan, nisomee na wewe," alisema. "Huyu bado simwamini."